Herufi nyembamba zilizobanwa: maswali yenu kuhusu Light Condensed

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, ile fonti ya sanserifu, yani herufi zisizo na vile vikia vidogo kwenye ncha, ambayo mstari wake ni mwembamba na upana wake umebanwa, zile herufi ndefu zilizosimama kama mianzi. Kwenye menyu ya kompyuta mara nyingi utazikuta kwa jina la Light Condensed. Mi nazipenda tangu naanza kazi hii, na kwa kuwa nazipenda inaniuma kuziona zimewekwa mahali zisipofaa, kwa hiyo safu nzima leo ni ya kwao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa dizaini. Nikitaka herufi nyembamba zilizobanwa nachukua Arial, naisukuma kwa pembeni mpaka inaingia kwenye nafasi niliyonayo. Mwenzangu darasani akaniambia hiyo ni dhambi. Dhambi iko wapi wakati matokeo ni yale yale?

Marahaba mwanangu. Dhambi ni neno zito ila mwenzako yuko sahihi, matokeo sio yale yale hata kidogo. Hebu fanya hivi, andika H moja kubwa ijae skrini halafu ibane mpaka asilimia 60 ya upana wake. Angalia ile miguu miwili iliyosimama, imekonda, imebaki na asilimia 60 ya unene wake, lakini ule mstari uliolala katikati haujaguswa, una unene ule ule wa mwanzo, kwa hiyo sasa una herufi yenye mkanda mnene na miguu ya kuku. Andika na O uibane hivyo hivyo, utaona juu na chini ni nene, pembeni nyembamba, kama pete iliyokanyagwa na gari. Msomaji hawezi kukwambia kasoro ni nini lakini jicho lake linaiona, linasita.

Aliyechora fonti iliyobanwa ya kweli hakubana kitu, amechora upya. O yake ina pande mbili zilizonyooka na kichwa na kitako cha duara, kama kidonge cha kapsuli. Unene wa mistari iliyosimama na iliyolala ameulinganisha kwa jicho, sio kwa rula, na pale mistari inapokutana, mfano bega la n linapotoka mguuni, amepunguza unene kidogo pasije pakajaa weusi. Tundu la ndani la a na la e amelifungua makusudi. Ukisukuma kwa pembeni hayo yote hupati.

Na hii kazi ya kuchora upana mbalimbali ni ya zamani kweli. Sanserifu ya kwanza ya kuchapia alfabeti ya Kilatini ilionekana kwenye katalogi ya mtengeneza herufi William Caslon IV kule Uingereza mwaka 1816, ikiwa herufi kubwa tupu. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kukata herufi za mbao kwa mashine, na kwa kuwa mbao ni nyepesi na rahisi kuliko madini ya risasi, herufi za mabango zikarefuka mpaka zikawa kama milingoti, maana karatasi haiongezeki na neno lazima liingie. Mwaka 1903 Morris Fuller Benton wa kampuni ya American Type Founders akatoa Alternate Gothic, na hakutoa moja, alitoa tatu zenye upana tofauti ili mpangaji wa vichwa vya habari achague ile inayoenea kwenye safu yake. Halafu 1957 Adrian Frutiger akaleta Univers, nyuso 21, yani matoleo 21, za familia moja zilizopangwa kwa namba, tarakimu ya kwanza inakwambia unene, ya pili inakwambia upana na kama ni italiki, 55 ndo ya kawaida, 57 ni ya kawaida iliyobanwa, na 47 ndo hii yetu, nyembamba iliyobanwa. Fikiria mwanangu, zote 21 zilichorwa kabla ya kompyuta kuingia kwenye hii kazi. Kama kusukuma kwa pembeni kungetosha wasingejisumbua.

SWALI: Dada mambo. Natengeneza jarida dogo la ofisini kwetu, kurasa 16, maneno mengi kupita kiasi. Nikaona suluhisho ni fonti nyembamba iliyobanwa saizi 9 na kweli kila kitu kikaingia. Sasa watu wanalalamika macho yanauma, watu wazima hawasomi kabisa, bosi anasema watazoea. Ni suala la kuzoea kweli?

Poa. Hapana, sio suala la kuzoea, na nikueleze kwa nini maana hapa ndo penye kiini cha mambo yote ya fonti hii.

Chukua neno *muumini*, liandike kwa fonti yako hiyo saizi 9, liprinti, liweke mbali kidogo na uso. Hilo neno lote ni vijiti vilivyosimama, m tatu, u mbili, u tena mbili, m tena tatu, i, n mbili, i. Kwenye fonti yenye upana wa kawaida jicho linatofautisha kwa sababu nafasi ya ndani ya u na nafasi kati ya u na u mwenzake hazifanani. Ukibana, hizo nafasi zinakaribia kulingana, vijiti vinasimama kwa umbali ule ule mmoja baada ya mwingine, na neno linakuwa uzio. Msomaji hasomi tena, anahesabu miti. Jaribu na *ninunue*, jaribu na *mwenyewe*. Lugha yetu imejaa haya, kila mahali mw-, wa-, ni-, mi-, na m na w ndo herufi pana kuliko zote kwa hiyo zikibanwa ndo zinaumia kuliko zote. Watu wanachagua fonti kwa kuangalia sampuli za Kiingereza kwenye tovuti, inapendeza, wakija kuweka Kiswahili wanashangaa. Mi nikiijaribu fonti mpya iliyobanwa naanza na *muumini mwenyewe alinunua*, ikifaulu hapo naendelea, na neno la pili ni *Ili*, naangalia kama I kubwa na l ndogo zinatofautiana au zimekuwa fimbo mbili zinazofanana.

Huo ni ubano. Sasa ongeza wembamba juu yake. Mstari wa fonti nyembamba unaweza kuwa asilimia 6 hivi ya saizi ya fonti, kwa hiyo kwenye saizi 9 ni kama nusu pointi, chini ya milimita 0.2. Kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini weusi wake unageuka kijivu. Yani umemnyima msomaji umbo la herufi na umemnyima weusi, vyote kwa mpigo, na kitu pekee kinachoweza kumlipa ni ukubwa, nao umemnyima.

Kuna na jambo la tatu ambalo watu hawalioni. Mstari wa maandishi unasomeka vizuri ukiwa na herufi kama 45 mpaka 75, ukizidi hapo jicho likirudi kushoto linapotea, linasoma mstari ule ule mara mbili. Ukiweka fonti iliyobanwa kwenye safu yenye upana ule ule wa zamani, herufi zinapita 90 kirahisi. Ndo maana magazeti yanayotumia herufi zilizobanwa yana safu nyembamba, sio urembo.

Ushauri wangu: maandishi marefu yarudishe kwenye upana wa kawaida, unene wa kawaida, saizi 9.5 au 10. Ile nyembamba iliyobanwa usiitupe, ipandishe kwenye vichwa vya habari, saizi 36, 48, hata 60, na hapo itakulipa, kwa sababu kichwa kilichokuwa kinakula mistari mitatu kitaenea kwenye miwili na ukurasa utapumua. Nafasi uliyokuwa unaibia kwenye herufi iibe kwenye maneno, mwambie bosi apunguze makala moja. Na kama haiwezekani kabisa, tafuta fonti iliyobanwa kidogo tu, upana wa nusu njia, lakini unene usishuke chini ya wa kawaida. Ukitaka kubana, usikondeshe. Matthew Carter alipopewa kazi ya herufi za vitabu vya simu vya kampuni ya simu ya AT&T Marekani, ile fonti ya Bell Centennial ya mwaka 1978, nafasi ilikuwa finyu kuliko yako na karatasi mbaya kuliko yako, akabana kweli, lakini mistari akaiacha na nguvu, na kwenye maungio akakata mapengo madogo ili wino ukitapakaa ujae pale badala ya kuziba herufi. Ukiikuza inatisha, ukiisoma kwa saizi yake ni safi kabisa.

SWALI: Naomba majina tu, fonti za bure za aina hii ambazo sitapata kesi nikizitumia kwenye kazi ya mteja.

Barlow Condensed ya Jeremy Tribby, ina unene wa kila daraja kuanzia 100, nyembamba kabisa, mpaka 900, nene kabisa, na nambari zake ni nzuri sana. Oswald, aliyoitoa marehemu Vernon Adams, inaanzia 200, hiyo asili yake ni mtindo wa Alternate Gothic niliyoitaja juu. Antonio ni ya Adams pia, imebanwa zaidi, iache kwenye vichwa tu. Fira Sans Condensed kama unataka inayovumilia saizi ndogo. Watu wanaulizia sana Bebas Neue, ni nzuri lakini ile inayopatikana bure kwenye Google Fonts ina unene mmoja na herufi kubwa peke yake, sio nyembamba. Na PT Sans Narrow inakuja kwa unene wa kawaida na mnene tu, wembamba haina. Zote hizi ziko chini ya leseni ya wazi ya fonti inayoitwa OFL, unatumia kwenye kazi ya kulipwa, unaipachika kwenye PDF na tovuti, kikubwa unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Faili la leseni linakuja pamoja na fonti, lisome.

SWALI: Mimi ni mtengeneza tovuti. Kwenye kompyuta ya dizaina herufi nyembamba zilizobanwa zinaonekana nyeusi safi, kwenye simu ya mteja zinaonekana kijivu na zinakatika. Rangi nimeangalia, ni ile ile. Tatizo ni nini?

Tatizo ni hesabu ya pikseli. Rudi kwenye ile asilimia 6, fonti ya pikseli 16 mstari wake ni pikseli 0.96, haifiki hata moja. Skrini haiwezi kuwasha sehemu ya pikseli kwa hiyo inadanganya jicho, inapaka pikseli mbili za jirani kijivu kijivu, na weusi wako uliochagua haupo tena popote. Skrini ya dizaina inawezekana ina pikseli nyingi mara mbili au tatu kwenye eneo lile lile, yeye haoni hiyo shida. Fonti hiyo hiyo kwenye pikseli 48 mstari ni karibu 3, inakaa imara kila mahali. Mi sheria yangu, na ni yangu tu, ni kwamba unene wa 300 uliobanwa haushuki chini ya pikseli 28, na 200 au 100 haishuki chini ya 48.

Usitegemee kipimo cha utofauti wa rangi ya herufi na ya nyuma yake peke yake. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa, na makubwa kwao ni kuanzia pointi 18, au 14 ikiwa nene. Kinachopimwa pale ni rangi uliyoiandika kwenye kodi (code) ya tovuti, sio kijivu kinachotokea kwenye skrini, kwa hiyo unaweza kufaulu kipimo na mtu asisome. Kwenye herufi nyembamba mi silegezi mpaka 3 hata ziwe kubwa.

Kwenye kodi, wembamba ni font-weight 300 na ubano ni font-stretch, ambapo condensed ni asilimia 75. Angalizo moja: kivinjari kikikosa uso mnene kinaweza kujitengenezea unene wa uongo, lakini kikikosa uso uliobanwa hakijitengenezei, kinakuletea upana wa kawaida na neno linaruka mstari. Wengine wakiona hivyo wanakimbilia kubana kwa scaleX, amri ya kusukuma kwa pembeni, jibu la hilo nimempa yule mwanafunzi pale juu. Dawa nzuri siku hizi ni fonti badilifu, zile zilizotangazwa mwaka 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja, faili moja unaongeza au kupunguza unene na upana kama redio, kwa hiyo kwenye simu unaweza kusema unene uwe 380 na kwenye skrini kubwa 300, msomaji haoni tofauti ila anasoma.

SWALI: Nimepewa kazi ya kutengeneza vyeti na programu ya sherehe. Nataka background nyeusi na maandishi meupe membamba yaliyobanwa, kwenye skrini yanapendeza mno. Kuna hatari?

Ipo, na mi imenikuta. Miaka ya mwanzo nilitengeneza kijitabu cha sherehe, bluu iliyokolea ukurasa mzima na majina ya washiriki kwa herufi nyeupe nyembamba saizi 8. Kwenye skrini yaling'aa. Yaliporudi yamechapwa nusu ya majina hayasomeki, na watu walikuwa wanayatafuta majina yao, mtu anafungua, anainamisha kurasa kwenye taa, anafunga. Sijasahau zile nyuso. Kosa lilikuwa langu, mchapaji alifanya nilichomtumia.

Kilichotokea ni kwamba maandishi meupe hayachapwi, yanaachwa. Wino unazunguka kila upande na wino una tabia ya kutapakaa, kwa hiyo unaingia ndani ya herufi kutoka kushoto na kulia, na kama mstari wenyewe ni milimita 0.17 hakuna kinachobaki. Halafu ile bluu ilikuwa mchanganyiko wa wino zaidi ya mmoja, na kila wino una sahani yake, sahani moja ikisogea unywele tu, rangi moja inaziba pale nyingine ilipoacha wazi.

Kwa hiyo kwenye vyeti vyako, jina la mtu kwa herufi kubwa saizi 40 nyeupe nyembamba ni sawa, itapendeza kweli, ila yale maelezo madogo chini yapandishe unene daraja moja au mbili juu ya unavyotaka wewe, na uyaachanishe herufi kidogo. Kama maandishi yako kwenye karatasi nyeupe, herufi nyembamba zichapwe kwa wino mmoja, nyeusi tupu, usizichanganyie rangi nne. Na usitumie kijivu cha kupauka, kile kijivu kwenye mashine ni vitone vya nyeusi vilivyotawanywa, na mstari mwembamba uliojengwa kwa vitone kingo zake zinakuwa kama msumeno. Mwisho, omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile ya kazi, sio kwenye printa ya ofisini.

SWALI: Logo yetu iko kwa fonti hiyo, fundi wa kudarizi anasema haiwezekani kwenye kofia. Ni uvivu?

Sio uvivu. Mstari wa kudarizi unaotokea vizuri unahitaji upana wa kama milimita 1, chini ya hapo uzi unazama kwenye kitambaa. Ukipiga hesabu kwa mstari wa asilimia 6, herufi kubwa za logo yenu zinatakiwa kuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 1, na kwa jina refu kofia haitoshi. Tengenezeni toleo la pili la logo lenye mstari mnene kwa ajili ya kofia, mihuri na vitu vidogo. Kazi za kukata stika ni hivyo hivyo, mstari mwembamba unang'oka pamoja na takataka.

SWALI: Dada, naandaa kava la riwaya na bango lake. Nimeona mabango ya sinema chini kabisa yana majina marefu membamba yamebanana hayasomeki, nikataka kuiga mtindo huo. Halafu fonti hii naipatanisha na ipi?

Ule mtindo una sababu yake. Kwenye mikataba ya sinema ukubwa wa majina ya watu unaweza kufungwa na ukubwa wa jina la filamu, na kinachopimwa ni urefu wa herufi, kwa hiyo wabunifu wakachukua herufi zilizobanwa kupita kiasi, zinatimiza urefu na hazili nafasi ya picha. Kava lako halina mkataba huo. Ukiiga utakuwa umechukua ugonjwa wa mwenzio bila kuwa na sababu ya kuugua, jina lako kama mwandishi lisomeke.

Ila kwa jina la riwaya, hapo umepata fonti sahihi. Maneno mawili matatu, herufi kubwa tupu, kubwa kweli kweli, zipandiane juu mpaka chini ya kava, na kwa kuwa zimebanwa utaweza kuzifanya ndefu kuliko fonti nyingine yoyote kwenye upana ule ule. Ongeza nafasi kati ya herufi, asilimia 3 mpaka 8 ya saizi, herufi kubwa nyembamba zikishikana zinageuka nondo za dirisha. Nafasi kati ya mistari punguza, herufi kubwa hazina mikia ya kushuka kwa hiyo mistari inaweza kukaribiana sana. Na usiweke kivuli wala muhtasari kuzunguka herufi, mstari wake ndo uzuri wake wote.

Mwenza wake awe kinyume chake. Mi hupenda kumpa serifu, ile yenye vikia, yenye mwili, pana kidogo, yenye weusi wa kutosha, ikae kwenye maelezo ya nyuma ya kava. Usiweke sanserifu nyingine iliyobanwa pembeni yake, zitafanana karibu na hazitafanana kabisa, na hiyo inachosha.

Na kama jina la riwaya lina ng' ndani yake, simama hapo kwanza kabla hujatuma kazi. Kwenye herufi ndefu namna hii alama ile inaning'inia juu na chini yake panabaki shimo, neno linaonekana limekatika vipande viwili. Hakikisha umeweka ile iliyopinda, sio kile kijiti kilichonyooka cha kibodi, halafu isogeze herufi inayofuata kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka shimo lifungwe.